Je, Wajua? Mwaka Mmoja wa Stima ya Kenya

Kenya hujivunia kwamba takriban sehemu tisa kwa kumi za umeme wake hazitokani na mafuta. Ni kweli. Lakini hesabu hiyo ni ya mwaka mzima, na ndani ya mwaka mna masika na kiangazi, mchana na usiku. Safu hii inaupitia mwaka wa 2023/24 msimu kwa msimu: nani alishika zamu lini, na ni saa ngapi mitambo ya mafuta huwashwa.

JULAI: DAFTARI LINAFUNGULIWA

1. Mwaka wa umeme wa Kenya hauanzi Januari. Huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, sawa na mwaka wa bajeti ya serikali. Ndiyo maana ripoti za EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, huweka mvua za vuli na za masika yanayofuata katika hesabu moja.

2. Katika mwaka ulioishia Juni 2024, gridi ya taifa ilipokea zaidi kidogo ya gigawati-saa 13,600. Jotoardhi, yaani mvuke wa ardhini, ilichangia karibu asilimia 42, maji robo, upepo asilimia 13, na jua kati ya asilimia 3 na 4. Umeme ulionunuliwa nchi jirani ulikuwa takriban asilimia 8, na wa mitambo ya mafuta vivyo hivyo.

3. Gigawati-saa moja ni uniti milioni moja, zile zile unazonunua kwa tokeni.

4. Mwaka uliotangulia, jotoardhi ilikuwa na asilimia 45, upepo 16, na maji takriban sehemu moja kwa tano tu. Katika miezi kumi na miwili maji yalipanda, mvuke na upepo vikashuka. Sababu kubwa ilitoka mawinguni, kama utakavyoona.

5. Ukubwa wa mtambo na kazi yake ni mambo mawili tofauti. Mitambo ya jotoardhi, yenye jumla ya karibu megawati 940, ilitoa takriban asilimia 70 ya umeme ambao ingetoa kama ingefanya kazi kila saa kwa uwezo wake wote. Maji na upepo vilitoa karibu nusu. Jua, robo hivi. Kwa hiyo ukisikia kwamba megawati 40 za jua zimefunguliwa, usizilinganishe na megawati 40 za mvuke.

6. Mitambo ya jua iliyounganishwa na gridi ni mitano: Garissa yenye megawati 50, kisha Malindi, Selenkei, Cedate na Kesses, kila mmoja megawati 40. Jumla 210.

7. Kwa kuwa Kenya iko kwenye ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima: ni saa kumi na mbili hivi, Julai kama Januari. Ujerumani hupoteza jua la majira ya baridi kwa sababu mchana hufupika. Kenya hulipoteza kwa mawingu tu.

8. Joto kali si rafiki wa paneli. Paneli za kawaida za silikoni hupungukiwa na kati ya asilimia 0.3 na 0.5 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe. Garissa ina mwanga tele, lakini sehemu ya faida hiyo huliwa na joto lake.

AGOSTI: USIKU WA GIZA

9. Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa nne kasorobo usiku, karibu Kenya nzima ilizimika. Sehemu nyingi zilikaa gizani hadi siku ya pili, na Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta nao ukaguswa.

10. Wakati huo shamba la upepo la Ziwa Turkana lilikuwa likiingiza karibu megawati 270, na zikatoweka kwa mpigo. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ilisema kuondoka kwa umeme huo ndiko kulikoiangusha gridi. Wenye shamba wakajibu kwamba mitambo yao ilijizima ili kujilinda, baada ya volteji ya gridi kupanda kupita kiasi.

11. Gridi ilianguka tena nchi nzima Novemba na Desemba mwaka huo huo. Katika mwaka ule ule mmoja, ripoti zinaonyesha umeme ukiongezeka kwa jumla, na wananchi wakinunua mishumaa.

12. Si kila kiza kina sababu nzito. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Nchi ilizimika. Tumbili akasalimika na kukabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

SEPTEMBA: UPEPO WA LOIYANGALANI

13. Shamba la Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, lina mitambo 365, sawasawa na idadi ya siku za mwaka. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na jumla yake ni megawati 310.

14. Ili kuifikisha mitambo hiyo Loiyangalani kutoka bandari ya Mombasa, ilibidi kwanza kuboreshwa barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis.

15. Mitambo ilikamilika 2017, lakini ikasimama bure zaidi ya mwaka mmoja ikisubiri laini ya kuufikisha umeme kwenye kituo cha Suswa. Mkandarasi wa kwanza wa laini hiyo, kampuni ya Uhispania, alifilisika kazi ikiwa katikati. Iliunganishwa Septemba 2018.

16. Kwa nini upepo ule hauchoki? Bonde kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya huubana mkondo wa hewa utokao Bahari ya Hindi, nao huongeza kasi kwa kubanwa. Wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa Turkana, na huvuma mwaka mzima.

17. Mkondo huo una uhusiano na mvua pia. Watafiti wameonyesha kwamba unapovuma kwa nguvu zaidi, Kenya huelekea kuwa kavu. Mwaka wa 2023/24, uliokuwa na mvua nyingi, ulikuwa pia mwaka ambao upepo ulichangia kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Kwa nchi inayotegemea vyote viwili, hiyo ni bahati: kimoja kikilegea, kingine huelekea kusimama.

18. Kule Turkana upepo huwa mkali zaidi usiku na alfajiri, yaani wakati watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Mkataba wake ni wa chukua au ulipe, kwa hiyo hata umeme usipohitajika, bili ipo.

19. Kipeto, kule Kajiado, kuna mitambo 60 yenye jumla ya megawati 100, na walinzi wa tai. Tai wakikaribia, mtambo ulio njiani mwao husimamishwa hadi wapite.

20. Mitambo ya kwanza ya upepo kwenye vilima vya Ngong iliwekwa 1993, msaada wa Ubelgiji. Leo vilima hivyo vina megawati 25.5.

OKTOBA HADI DESEMBA: VULI

21. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño. Mabwawa ambayo yalikuwa yameumizwa na ukame wa misimu kadhaa yakaanza kujaa.

22. Mto Tana una mabwawa matano ya umeme yaliyopangana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yale yale hufua umeme mara tano kabla ya kuelekea Garissa, Hola, Garsen na hatimaye baharini karibu na Kipini. Jumla ya mitambo yake ni karibu megawati 600.

23. Mradi huo huitwa Seven Forks, lakini mabwawa yaliyojengwa ni hayo matano tu.

24. Masinga ndilo lenye maji mengi zaidi, takriban mita za ujazo bilioni 1.5, na ndilo lenye mtambo mdogo zaidi, megawati 40. Kazi yake kubwa ni kuweka akiba. Mvua ya Novemba inayohifadhiwa Masinga ndiyo inayowasha taa za Februari.

25. Gitaru, lenye bwawa dogo, ndilo lenye mitambo mikubwa kuliko yote ya maji nchini: megawati 225.

26. Kindaruma ndilo kongwe kati ya hayo matano. Lilianza kazi 1968.

27. Bwawa la Turkwel, ambalo haliko kwenye Tana, lilikamilika 1991, lakini kwa karibu miaka thelathini halikuwahi kujaa. Mwaka 2020 ndipo maji yalipokaribia ukingo, na wakazi wa chini yake wakaonywa kuhama.

JANUARI NA FEBRUARI: KIANGAZI HAKIUJUI MVUKE

28. Mwaka 2000 ukame ulipoyakausha mabwawa, Kenya iligawa umeme kwa zamu kwa miezi. Mwaka 2009 kituo cha Masinga kilizimwa kabisa kwa kukosa maji. Wakati huo jotoardhi ilikuwa bado ndogo. Ukame wa 2022 ulipokuja, maji yalipungua tena, lakini mgao wa namna ile haukurudi. Tofauti iko Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha.

29. Olkaria haikuanza vizuri. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa 1956, mvuke ukakataa kutoka, kazi ikaachwa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa 1981, robo karne baadaye.

30. Olkaria husifiwa sana, lakini si ya kwanza barani. Kule Kiabukwa, Katanga, katika Kongo ya leo, maji ya moto ya chemchemi yalifua umeme mwaka 1952 kwa ajili ya mgodi. Kilikuwa kituo kidogo cha kilowati 200 hivi, na kiliachwa zamani.

31. Kenya leo inaongoza Afrika kwa jotoardhi na imo katika nchi kumi za mbele duniani. Wahandisi wake wengi walisomea Iceland, katika mafunzo yaliyoanza 1979. Sasa ni zamu yao kwenda nje: KenGen, kampuni kuu ya kufua umeme nchini, imechimba visima Ethiopia na Djibouti.

32. Mvuke hauishii kwenye umeme. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, limetumia joto lake kupunguza unyevu wa usiku ndani ya vibanda vya waridi ili kuzuia ukungu. Eburru, wakazi wamekuwa wakipoza mvuke utokao ardhini na kunywa maji yake tangu zamani.

33. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi 2023. Hapo serikali huchimba visima kupitia kampuni yake ya GDC na kuuza mvuke, na kampuni binafsi hujenga mitambo. Hatari ya kuchimba na kukosa hubaki kwa serikali.

34. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, uliingia kwenye gridi ya Tanzania. Mitambo yake tisa ina jumla ya megawati 2,115. Saa ya kilele mwaka wa 2023/24, Kenya nzima ilihitaji karibu megawati 2,180.

MACHI HADI MEI: MASIKA

35. Masika ya 2024 yalipita kiasi. Masinga lilijaa hadi kumwagika, na Mto Tana ukawafuata watu wa Garissa na Tana River majumbani mwao. Maji yaliyomwagika juu ya ukingo hayakufua hata uniti moja hapo Masinga.

36. Mabwawa yanapofurika, busara ni kuendesha mitambo ya maji usiku na mchana, na kuviachia vyanzo vingine nafasi ndogo. Kwa hiyo asilimia ya jotoardhi ikishuka katika mwaka wa mvua, usiseme volkano imepoa. Zamu yake tu imebanwa.

37. Tatizo ni kwamba kisima cha mvuke si bomba la jikoni. Kukifunga na kukifungua kila siku hukiharibu. Usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka hadi karibu nusu ya kilele, mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kupita kwenye mtambo.

38. Ndiyo sababu tangu Desemba 2017 viwanda vinavyoongeza kazi usiku hupata umeme kwa nusu bei: siku za juma kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2023 ikaongezwa bei maalumu ya kuchaji magari na bodaboda za umeme, nayo ni nafuu zaidi usiku.

39. Ethiopia nayo imo katika hesabu ya usafi wa Kenya. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka huko kwa mkataba wa miaka 25. Umeme huo, mwingi wake wa mabwawa, hupita kwenye laini ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sodo hadi Suswa. Laini yenyewe ina uwezo wa megawati 2,000, mara kumi ya kiasi hicho.

40. Kununua kwa jirani si jambo geni. Mwaka 1954, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja, Kenya iliunda kampuni kwa kazi moja: kuleta umeme wa Uganda kupitia Tororo hadi Nairobi. Baadaye kampuni hiyo ikawa KenGen.

41. Miezi sita baada ya mwaka huu wa hesabu kufungwa, Desemba 2024, gridi za Kenya na Tanzania nazo ziliunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Mvua ya Rufiji na mvua ya Tana si lazima zinyeshe pamoja, na hapo ndipo penye faida.

SAA MBILI USIKU: MTIHANI

42. Kenya huhitaji umeme mwingi zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku. Taa, televisheni, pasi na majiko huwashwa kwa pamoja. Jua limekwisha tua tangu saa kumi na mbili na ushei, kwa hiyo megawati zote 210 za jua, saa hiyo, ni sifuri.

43. Hapo ndipo mitambo ya mafuta ya Kipevu, Rabai na Thika huitwa. Kwa mwaka mzima haifiki sehemu moja kwa kumi ya umeme wote. Lakini sehemu hiyo haikutapakaa sawa kwenye saa 24. Imerundikana jioni.

44. Mahali pia pana maana. Muhoroni, magharibi mwa nchi, kuna mitambo ya mafuta iliyohamishwa kutoka Embakasi mwaka 2016. Ilipelekwa huko kwa sababu laini za kuelekea magharibi zilikuwa zimelemewa, na volteji ilihitaji kushikiliwa papo hapo. Mvuke ukiwa mwingi Naivasha haumsaidii mtu wa Kisumu kama njia ni nyembamba.

45. Hadi Juni 2024, gridi ya Kenya haikuwa na betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa mchana au wa usiku wa manane hadi jioni. Akiba pekee ya maana ilikuwa maji nyuma ya ukuta wa bwawa.

46. Mahitaji hayasubiri. Mwaka 2025 kilele kilivuka megawati 2,300, na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo mikataba mipya ya kununua umeme ilikuwa imesimamishwa ili bei zichunguzwe upya.

47. Makaa ya mawe yalikaribia kuingia. Kiwanda cha megawati 1,050 kilipangwa Lamu, lakini Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Kesi za Mazingira (NET) lilifuta leseni yake baada ya wakazi na wanaharakati kushtaki. Kingejengwa, hesabu ya sehemu tisa kwa kumi isingekuwapo.

JUNI: DAFTARI LINAFUNGWA

48. Tangu ukame wa 2021/22, mchango wa mafuta ulishuka: kutoka takriban asilimia 13 mwaka ule hadi karibu 8 mwaka 2023/24. Mvua ilisaidia, Ethiopia ikasaidia. Hakuna kati ya hivyo viwili kilicho mikononi mwa Kenya peke yake.

49. Serikali imeweka lengo la umeme safi kwa asilimia 100 ifikapo 2030. Asilimia zilizobaki zinaonekana chache, lakini ndizo ngumu zaidi, kwa kuwa ni za saa mbili usiku. Paneli zaidi pekee hazitazifuta. Zitafutwa na laini nene zaidi, betri, mabwawa yanayotunza maji ya jioni, na wateja wanaohamishia kazi nzito usiku wa manane.

50. Huhitaji kungoja ripoti ya EPRA kujua mwezi ulikwendaje. Bili ya umeme ina mistari miwili ya kutazama. Tozo ya mafuta, inayotangazwa kila mwezi kwenye Gazeti Rasmi, hupanda mitambo ya mafuta inapofanya kazi zaidi au mafuta yanapokuwa ghali. Tozo ya WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, hulipia maji yaliyofua umeme. Wa kwanza ukishuka na wa pili ukipanda, mabwawa yamejaa. Wa kwanza ukipanda na wa pili ukishuka, kuna ukame kwenye Tana, na wewe tayari umeanza kuulipia.